Theluji ya Chumbageni

Najua mmeshaiona ile video anayoisambaza dada yangu, ile anayocheka mpaka anapaliwa. Sasa sikilizeni na upande wa mshtakiwa, maana yule katia chumvi. Friza haikulipuka. Na sikulia.

Dada anaishi Toronto. Juzi kapiga simu ya video, huku kwetu saa kumi jioni, kwao saa mbili asubuhi. Theluji imemwagika usiku kucha, mabasi ya shule yamesitishwa, na kazini kaambiwa abaki nyumbani. Yumo ndani ya blanketi na wanawe, chai ya tangawizi mkononi.

"Mama, leo nimemshukuru Mungu, kumetulia! Hebu sikilizeni." Akafungua dirisha, akatoa simu nje. Anasema theluji ikiwa mpya ina hewa katikati ya chembe zake, basi inameza sauti.

Mama kategea sikio, kategea weee, kisha: "Haloo? Haloo? Imekatika hii."

Msimlaumu. Chumbageni kukiwa kimya ujue salio limekwisha. Bodaboda wanapita, muuza kahawa anagonganisha vikombe, jirani anagombana na mbuzi wake, na joto la Januari ndilo hilo, feni inazungusha mvuke tu.

Wapwa zangu tunaokaa nao macho yamewatoka. "Mjomba, na sisi tunataka theluji!" Mwenye akili zake angewaambia wasubiri wakikua wapande Kilimanjaro. Mimi nikasema ipo humu humu ndani.

Friza ya Mama ina barafu za ubuyu anazowauzia wanafunzi, ina nguru wake, ina na changu wa majirani waliopewa hifadhi. Kwa hewa hii ya baharini, kila mfuniko ukifunguliwa unyevu unaingia na kuganda, kuta zote zimevaa barafu nene. Mama mwenyewe alikuwa akilalamika. Nikaona nitafurahisha watoto na radhi ya mzazi nitapata.

Simu nikaiegemeza kwenye kopo la sukari ili dada naye aone. Kumbukeni hapo.

Nikachukua kisu. (Mafundi friji mnaosoma, naona mshashika vichwa. Tulieni, bado.) Nikakwangua taratibu, ikadondoka nyeupe, laini kama machicha ya nazi. Watoto shangwe! Mmoja kajimwagia utosini. Nikanogewa, nikaanza na hotuba: neema tunazo, tunazipita tu; kukaa pamoja jioni kama hii kuna watu wanakulilia. Mama akaitikia, "Kweli, mwanangu."

Ile "kweli, mwanangu" ndiyo iliyoniponza. Pembeni kulikuwa na bonge limegoma. Nikaliwekea ncha ya kisu, nikagonga mpini kwa mchi.

Tik.

Halafu: pssssssss.

Nikachomoa kisu. Ikazidi. Nikakirudisha pale pale nikidhani kitaziba, kikatanua. Nikatia kidole gumba, baridi ikaniuma mpaka kwenye kiwiko. Gesi inapita pembeni. Nikatia na kidole cha mkono wa pili, sasa nimeinamia ndani ya friza mpaka kiunoni, kifua juu ya nguru, siwezi kutoka, siwezi kubaki. Mpwa wangu mdogo akauliza, "Mjomba, theluji inasema nini?" Nikamwambia Mama, kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari, kwamba friza inapumua kidogo. Mama akainuka. Kanga ikamdondoka begani, hakuiokota. Wanaomjua wanajua maana yake. Sauti ikawa nyembamba, pss... ss... ikaisha. Kwenye kopo la sukari mtu anacheka.

Machozi mnayoyaona ni ya baridi ya kidole. Narudia: ya kidole.

Fundi kaja, kaangalia tundu, kaniangalia mimi, kauliza kama nina kazi. Kumbe bomba la gesi limepita kwenye ukuta ule ule. Kuziba, kujaza gesi, bei hata siitaji. Mkaa ukawashwa uani, nguru wakapakwa nazi, wenye changu wao walikuja kuwachukua wakaishia kula, watoto wakalala mkekani na miba mkononi. Mama anachambua samaki, ananilaani, anacheka, anasema alhamdulillahi, ananilaani tena. Kisha akatoa hukumu: dada atalipa nusu, kwa kuwa theluji kaileta yeye. Dada kakubali, ila video hafuti.

Mnaouliza inboksi: samaki wamekwisha. Barafu za ubuyu ndizo zilizoyeyuka, ndoo nzima. Aliye karibu aje na kikombe chake, na Mama akikuuliza nani kakwambia, usinitaje.