Jibu Maswali Yafuatayo

Ijumaa iliyopita wazazi tulialikwa shuleni kwa binti yangu hapa Leicester, Uingereza, tukakalishwa nyuma ya darasa kwenye vile viti vyao vidogo. Mwalimu alikuwa amemaliza kuwasomea hadithi ya Jack, yule kijana aliyekwea mmea wa maharagwe hadi mawinguni kwa zimwi. Mimi nikajua kinachofuata: toeni madaftari, swali la kwanza.

Hakuna daftari lililotoka. Watoto walisimama safu mbili wakitazamana, wakaacha kinjia katikati. Mmoja akawa Jack. Akapita polepole, na kila aliyemfikia akamnong'oneza ushauri: apande tena akamwibe kuku wa zimwi, au abaki nyumbani? "Nenda, mama yako ana njaa." "Usiende, atakutafuna." Binti yangu, ana miaka 6, akamshika mkono kabisa na kumwambia, "Yule kuku ana mwenyewe." Jack akasimama. Darasa zima likanyamaza, likimngoja aamue.

Nilitoka pale nina donge kooni.

Mliosoma kwetu Tanzania mnalijua somo la ufahamu. "Soma kifungu cha habari kisha jibu maswali yafuatayo." Jibu la (a) liko mstari wa pili, la (b) mstari wa nne, na swali la mwisho ni kutaja kichwa cha habari. Unapata tano kwa tano bila habari yenyewe kukugusa popote. Mimi nilizipata nyingi tu.

Kidato cha tatu tukasoma riwaya ya Takadini. Mama, Sekai, anakimbia kijiji na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Tulinakili ubaoni dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo wa mwandishi, tukakariri. Siku moja nikanyoosha mkono nikauliza kama Sekai, akiwa njiani na kile kichanga, aliwahi kufikiria kurudi. Mwalimu wangu, mtu mwema ambaye namheshimu mpaka leo, akanijibu, "Hilo halitoki kwenye mtihani." Nikakaa. Nina watoto sasa, na swali lile bado ninalo.

Najua mtakachosema. Ashakuwa Mzungu huyo. Huko wako wachache, huku tumebanana, mwalimu mmoja, dawati moja watoto wanne. Ni kweli, na siubishi ukweli. Uingereza ina sheria tangu 1998: watoto wa miaka 5 hadi 7, mwalimu mmoja asizidishe 30. Sisi tulikuwa 87, na mimi nilikaa chini sakafuni mpaka darasa la tatu. Sijasahau hata siku moja. Wala simwiti mwalimu wa kwetu mvivu. Anayemwita hivyo hajawahi kusahihisha madaftari 87 usiku kwa taa ya kandili. Lakini hapo hapo ndipo nauliza: safu mbili za watoto zinagharimu shilingi ngapi? Madaftari ndiyo yanayommaliza mwalimu. Safu hazisahihishwi.

Wala sisemi huku Uingereza kumenyooka. Wakifika mwaka wa sita wa shule ya msingi kuna mtihani wa taifa wa kusoma, na wazazi wenye watoto wakubwa wananiambia michezo hii hupungua, maswali na majibu yakatawala. Mtihani ni mtihani popote.

Anayeniudhi hasa ni yule wa "hayo mambo ya Kizungu". Ya Kizungu kivipi? Bibi yangu alikuwa akianza, "Hadithi, hadithi!", nasi tunaitika, "Hadithi njoo!", na katikati anasimama, anamnyooshea mmoja wetu kidole: wewe ungekuwa sungura, ungepita wapi? Hupati mwendelezo mpaka ujibu. Na ngonjera je? Mgeni rasmi akija, watoto wetu wanasimama wanajibizana kwa mashairi bila karatasi, kwa sauti ambayo darasa la mwanangu haliwezi kuifikia. Mwaka 1996 watu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme, wasichana wa sekondari wakawa wanatunga maigizo ya matatizo yao wenyewe na kuyajadili. Kitu ni chetu! Tumekipa siku ya mgeni rasmi, tukakinyima kipindi cha Kiswahili cha Jumatatu asubuhi, na hilo ndilo linalonikasirisha.

Nikampigia mdogo wangu, anafundisha darasa la nne mkoani Morogoro, nikamsimulia zile safu mbili. "Dada, nina watoto 94," akasema. Nikamwambia watoe nje. Akaguna, tukaagana.

Jumanne akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma kelele kama sokoni. Aliwapeleka chini ya mwarobaini, na kwa kuwa safu mbili zisingetosha, akapanga sita, njia tatu, sungura watatu kwa mpigo. Hadithi ilikuwa ile ya kisima: sungura aliyekataa kuchimba na wenzake, kisha akawa anakuja kuiba maji. Akiri au akane? Mwalimu mkuu alitoka ofisini kuuliza kuna nini. Kengele ikagonga hawajamaliza.

Anasema walipokuwa wanarudi ndani, mtoto mmoja ambaye tangu Januari hajanyoosha mkono alimfuata mlangoni. "Mwalimu," akamwambia, "mimi bado sijamwambia sungura."