Vumbi la Kazini: Nani Autaje Ugonjwa?

Mgonjwa anafika kwa daktari wa huduma ya msingi na kikohozi kikavu, pumzi ikimkatika kila apandapo ngazi, na faili lake kwenye nafasi ya kazi lina neno moja tu: fundi. Fundi wa nini? Cherehani haimjazi mtu mapafuni silika, yale madini ya mawe na mchanga. Msumeno wa kukatia mawe unamjaza, hasa ukikata mawe bandia ya kutandikia meza za jikoni, ambayo baadhi yake yana silika zaidi ya asilimia 90. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, alikwisha kuwahimiza madaktari mwaka 1700 wamuulize mgonjwa kazi yake, na bado swali hilo husahaulika.

Kinachobishaniwa ni kama daktari huyu autaje mwenyewe ugonjwa wa silikosisi, yaani makovu ya mapafu yaletwayo na vumbi la silika, au amwachie bingwa. Wanaomtaka asubiri wana hoja nzito. Mwanzoni eksirei huweza kuonekana safi ilhali vinundu vimeshaanza, kipimo cha kupuliza nacho kikatoa majibu ya kawaida. Na vinundu vya silikosisi, vinavyopenda sehemu ya juu ya mapafu, hufanana na vya kifua kikuu. Jina likikosewa, mtu anaweza kupoteza kazi bure.

Lakini kusubiri nako kuna gharama. Kwa kawaida silikosisi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, pengine mhusika keshastaafu, na hakuna dawa ya kuliondoa kovu. Anayetibiwa pumu mwaka mzima huku akirudi kwenye vumbi kila asubuhi anaongeza madhara. Hata kifua kikuu kikithibitishwa, suala halijaisha, kwa kuwa silika yenyewe huongeza hatari ya kukipata.

Kwa maoni yangu, kuutaja ugonjwa na kuushuku kwa maandishi ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni ya bingwa. Ya pili haina mashine ya kuifanya: ni kuuliza kazi zote tangu ile ya kwanza, miaka mingapi, kwa maji au kikavu, wenzake wanakohoa au la, na likizoni hali ikoje, maana pumu ya kazini mara nyingi hutulia mtu akiwa mapumzikoni, kovu halitulii. Majibu hayo yaambatane na ombi la eksirei. Msomaji wa picha aliyeandikiwa “kikohozi” tu hatafuti kile anachotafuta aliyeandikiwa “kikohozi, miaka 12 ya kukata mawe bila maji”.