Kosa la Mwandishi wa Programu na Dereva Asiyeulizwa

Je, kasoro za programu za kompyuta huanzia kwenye kosa la mtu mmoja, au kwenye mazingira ya kijamii ambamo mfumo unabuniwa na kutumiwa? Tarehe 26 Oktoba 1992, Huduma ya Magari ya Wagonjwa ya London iliwasha mfumo mpya wa kompyuta wa kuchagua gari la kumfuata mgonjwa, kazi ambayo hadi siku hiyo ilifanywa kwa karatasi na kwa uzoefu wa wahudumu wa chumba cha simu. Haukupita muda magari yaliyoonekana kwenye kompyuta yakawa hayalingani na yaliyoko barabarani: mgonjwa mmoja akafuatwa na magari mawili, mwingine akasubiri mpaka akapiga simu upya, na simu hizo za marudio zikazidi kuulemea mfumo. Tarehe 4 Novemba ukasimama kabisa.

Kusimama huko kulitokana na kosa la mtu: mwandishi wa programu aliacha kipande cha msimbo, yaani maagizo ya programu, kilichokuwa kikila kumbukumbu ya seva, kompyuta kuu ya mfumo, kidogo kidogo kwa takriban wiki tatu. Wanaoshikilia kwamba kasoro za programu huanzia kichwani mwa mtu, kwa kusahau, kuteleza au kudhani, wana hoja, kwani mkaguzi anayezijua aina za makosa hujua pia pa kuangalia.

Lakini yaliyotokea Oktoba ni mengine. Mahitaji ya mfumo, yaani maandishi yanayoeleza mfumo unapaswa kufanya nini, yalichukulia kwamba kompyuta ingejua wakati wote kila gari liko wapi na linafanya nini. Ili ijue, mhudumu wa ndani ya gari alipaswa kubonyeza vitufe kwa mpangilio, kueleza kwamba anaondoka, amefika, ameondoka na mgonjwa, hata akiwa amembeba mtu anayetokwa na damu mahali ambapo redio haishiki. Sharti kama hilo, likiandikwa vizuri, hupita ukaguzi wowote wa maandishi. Ambao wangeweza kulipinga ni madereva, nao hawakushirikishwa ipasavyo, huku uhusiano wao na uongozi ukiwa umekwisha kuharibika. Huku ndiko ninakoegemea, maana dereva angeulizwa mapema angetaja hata mitaa ambayo redio hukatika.

Hata hivyo, mazingira ya kijamii yasigeuzwe pango la kujifichia. Ratiba finyu ilipangwa na watu, na zabuni ya bei ya chini ilikubaliwa na watu waliokuwa na mamlaka ya kuikataa; ripoti ya uchunguzi ya 1993 ilikosoa mambo hayo sawa na ilivyokosoa kutoshirikishwa kwa wahudumu.

Mfumo uliofuata, ulioanza kazi 1996, ulijengwa polepole, hatua kwa hatua, wahudumu wakiujaribu na kusema kinachowakwaza kabla haujawashwa.