Kikao kikiisha, uamuzi hufanyika kwa lugha gani?

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, katika kampuni ya usafirishaji mjini Bruxelles ninakofanya kazi ya uhasibu, tunaketi watu saba katika kikao kinachoendeshwa kwa Kifaransa, na kila mmoja huombwa maoni yake kwa heshima kabisa. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nikitoka humo nikidhani shauri limekwisha, kumbe ndiyo kwanza linaanza. Wenzangu watatu waliendelea kulizungumza kwa Kiholanzi mbele ya mashine ya kahawa, na ilipofika saa tano ratiba ya malipo tuliyokubaliana ilikuwa imekwisha kubadilishwa. Hakuna aliyenitukana wala kutaja rangi yangu. Nilisimama hatua mbili kutoka kwao, kikombe mkononi, nikitabasamu kama mtoto aliyeachwa barazani na wageni wa baba yake.

Ubelgiji ina sheria ya tarehe 10 Mei 2007 inayokataza ubaguzi, na lugha imo katika orodha ya mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Hata hivyo Unia, taasisi ya umma inayopokea malalamiko ya namna hiyo, haishughulikii yale ya lugha. Nadhani sababu yake ni kwamba lugha ni kidonda cha zamani kati ya Waflemi, wanaosema Kiholanzi, na Wawaloni, wanaosema Kifaransa, na hakuna anayependa kukigusa. Mgeni aliyetoka Kongo huingia katika ugomvi wa nyumba isiyo yake.

Ndugu zangu wa Lubumbashi wakinipigia simu hutarajia niseme kwamba Wazungu wanatubagua. Wapo wanaotubagua, sikatai. Lakini kabla sijaondoka mwaka 2014 nilifanya kazi katika sosiete, yaani kampuni, moja iliyohudumia migodi, na yale niliyoyaona huko sikuyaita ubaguzi kwa sababu yalikuwa ya nyumbani. Maandishi ya tahadhari kwenye mashine yalikuwa ya Kichina peke yake, mkalimani alikuwa mmoja kwa zamu mbili, na alipokwenda kula, mchomeleaji wa kutoka mtaa wa Katuba aliongea na shefu wake kwa vidole. Ofisini nako hatukuwa bora. Mimi mwenyewe, nikiwa na mama mmoja wa kwetu, nilikuwa nikipanga hesabu za fakitira, yaani ankara, kwa Kisanga, lugha ya kabila letu, huku kijana wa Kasai, eneo jingine la Kongo, tuliyegawana naye meza akingoja tumalize ili aambiwe la kufanya. Hakulalamika hata siku moja, nami nilichukua ukimya wake kuwa ni adabu.

Jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu mji wetu uliwahi kupata dawa yake. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kisha kutoka Kasai na Ruanda-Urundi, na katika kambi zake Kiswahili kikawa lugha ya kazi, halafu lugha ya jikoni, halafu lugha ya kwanza ya watoto waliozaliwa humo. Kampuni haikufanya hivyo kwa mapenzi; ilitaka amri zieleweke. Wala lugha peke yake haikutosha: mwaka 1992 na 1993 Wakasai waliofukuzwa Katanga, jimbo letu, walikuwa wakisema Kiswahili kile kile chetu walipokuwa wakingoja treni katika stesheni ya Likasi. Jirani yetu mmoja alimwachia baba yangu meza ya chakula, akisema atairudia. Tulikula bukari, yaani ugali, juu yake miaka mingi.

Kanuni ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema wazi kwamba kabila si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Ni vizuri. Lakini kuachishwa kazi ni hatua ya mwisho. Mtu huanza kutolewa zamani, siku anapopata habari za idara yake baada ya wengine wote.

Ofisini kwetu Bruxelles kilichobadilisha mambo ni shefu mpya aliyeagiza kwamba hakuna uamuzi unaohesabika mpaka uandikwe kwenye ubao ulio mlangoni, kwa lugha ya kikao, na anayetaka kuubadilisha aandike jina lake chini. Wale watatu walinung'unika majuma kadhaa. Mimi nami nilijiandikisha masomo ya Kiholanzi ya jioni, kwa kuwa haifai kudai kila kitu kiletwe mlangoni kwangu.

Huko nyumbani gharama ingekuwa ndogo kuliko hiyo. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini mikataba ya kazi huandikwa Kifaransa, na vibarua wengi huitia sahihi bila kuelewa wanachokubali. Sioni kinachozuia sosiete kuongeza ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Mwezi uliopita mdogo wangu, anayefanya kazi katika mgodi mmoja karibu na Likasi, alinitumia picha ya mashine. Chini ya maandishi ya Kichina, wenzake walikuwa wameandika kwa chaki: MUSIGUSE, IKO MOTO. Anasema shefu ameyaona na hajayafuta.