"Si" ya kwetu na "si" za watu

Nina ugomvi na zile posti zinazozunguka kila baada ya muda, unaletewa orodha ya maneno matano sita ya Kiswahili upande mmoja, upande wa pili maneno ya Kiebrania au ya Misri ya kale au hata Kijapani, eti yanafanana kwa hiyo lugha hizo ni ndugu, halafu chini pameandikwa kwa herufi kubwa UMEONA SASA? Watu wanashea, imeisha hiyo. Ukiyaangalia vizuri yale maneno, mengi ni mafupi mafupi, silabi moja, mbili. Hapo ndipo ninapokereka, maana neno likishakuwa fupi hivyo halithibitishi kitu, na mfano ninao mmoja tu wa "si" ambayo tunayo mdomoni kutwa nzima.

Tuanzie nyumbani kabla hatujaenda kwa watu. Darasani utaambiwa si ni ya kukanusha, huyu si mwizi, basi. Sawa, afu nenda kijiweni ukasikilize. "Si ulisema utakuja?" hapo hakuna anayekanusha kitu, mtu anakukumbusha kwamba ulisema, tena anakubana. "Mvua ya jana si mchezo" maana yake ilipiga kweli kweli. "Si haba" ni sifa. Ukiibandika mwanzoni mwa kitenzi inageuka kuwa mimi nakataa, sitaki, sijui, sina. Wakenya nao wana ya kwao, "si unitumie hiyo namba", "si tuende", ombi laini kabisa la kirafiki, lakini Mtanzania ambaye hajaizoea anahisi kama analaumiwa, kwamba kwa nini hujatuma mpaka saa hizi! Na kuna ile ya mtaani ya kukata maneno, mi, we, si, yaani mimi, wewe, sisi. Sasa mtu akikuandikia "si tumeshafika" bila alama ya kuuliza, hujui anakupa taarifa kwamba wao wameshafika au anakuuliza kwani hatujafika. Lugha moja hiyo, na watu wenyewe ni majirani.

Haya, sasa tutoke. Muitalia akisema sì amekubali, Mhispania vilevile. Sauti tunayokatalia sisi wao ndiyo wanayokubalia. Inatoka kwenye Kilatini, sic, maana yake hivyo, kwa sababu Warumi hawakuwa na neno moja maalumu la ndiyo kama letu, ukiulizwa ungeweza kujibu tu kwamba ni hivyo. Na sisi je, si tunajibu "ndivyo"? Njia ileile, na hatujaonana. Miaka ya mwanzo ya 1300 Dante, mshairi wa Italia, aligawa hizi lugha ndugu kwa namna zinavyokubali, kuna watu wa sì, Waitalia, watu wa oc kusini mwa Ufaransa, na watu wa oïl kaskazini, hiyo oïl ndiyo baadaye ikawa oui. Mpaka leo kusini mwa Ufaransa kuna eneo linaitwa Languedoc, yaani lugha ya oc.

Mfaransa ameiweka si mahali ambapo kusema kweli namuonea wivu. Ukimuuliza "Hujala?" na yeye amekula, hasemi oui, anasema si, na umeelewa papo hapo kwamba amekula. Kwetu mtu akijibu "ndiyo" kwa swali hilo anamaanisha ndiyo sijala, mwingine aliyezoea Kizungu anamaanisha ndiyo nimekula, na hapo sahani inaweza kuondolewa mezani kimakosa. Halafu Mfaransa huyohuyo ana si nyingine inayomaanisha "kama", kwa maana ya kama ukija, na Mhispania pia anayo, ila yeye ya ndiyo anaiwekea alama juu ili asichanganye. Wala si neno moja lililopanuka maana, ni maneno mawili ya Kilatini, sic na si, yaliyochakaa mpaka yakafanana.

Mchina naye habari yake ni ya kupandisha na kushusha sauti. Si ya kushuka ni nne, si ya kushuka halafu ikapanda ni kufa (na hiyo i yake siyo i yetu kabisa, ila wanaiandika hivyo kwa herufi za Kilatini). Ndo maana kwenye majengo mengi huko lifti inaruka namba nne, unatoka tatu unaingia tano, hakuna anayetaka kulala ghorofa ya kifo. Wanakwaya nao wanaijua si kama noti ya saba, ilitokana na herufi za kwanza za jina la Mtakatifu Yohane kwa Kilatini, Sancte Iohannes, ingawa kwaya zetu nyingi huimba ti.

Sasa rudi kwenye zile orodha. Dunia ina lugha kama 7,000, na midomo ya binadamu ni ileile, silabi za konsonanti moja na irabu moja ni chache, Kiswahili chenyewe nadhani ukizihesabu utapata mia na ushee. Zitaachaje kugongana? Hata maneno marefu kidogo yanagongana. Kiajemi "bad" ni mbaya, Kiingereza "bad" ni mbaya, hayana udugu wowote. Kule Australia kulikuwa na lugha inaitwa Mbabaram, mbwa kwao ni "dog", na Waingereza hawakuwafundisha, ni ajali tu.

Udugu wa kweli unaonekana kwingine. Mganda anasema simanyi, sijui. Mnyarwanda anasema simbizi, sijui pia. Hapo si yao na yetu imekaa mahali pamoja na inafanya kazi moja, inambeba mimi na kukataa kwa pamoja, na nyuma yake kuna mlolongo mzima wa mambo mengine yanayolingana, ngeli, hesabu, viungo vya mwili. Lakini Mzulu akisema siyabonga usidhani anakataa kushukuru! Si yake inafanya kazi ya tu- yetu, tunashukuru. Mbantu mwenzetu kabisa, na bado si ni nyingine.

Ufilipino wanaweka si mbele ya jina la mtu, si Maria, si Pedro, Indonesia pia wanayo, mara nyingi kwa utani au dharau kidogo. Hawa ni ndugu kweli, na ushahidi hauishii kwenye si. Nne ni apat Ufilipino na empat Indonesia, moto ni apoy na api. Ukivuka bahari mpaka hapa jirani Madagaska, nne ni efatra, moto ni afo, kumi ya Indonesia puluh inakuwa folo, unaona p inavyogeuka f tena na tena kwa utaratibu? Huo utaratibu ndio ushahidi, na lugha inayokaribiana zaidi na Kimalagasi iko Borneo, ng'ambo nzima ya Bahari ya Hindi.

Na wale wa "Kiswahili ni Kiarabu" nao niwajibu hapahapa. Maneno tumechukua mengi sana, hakuna anayebisha, mpaka kwenye hesabu, sita, saba na tisa ni za Waarabu. Lakini moja mpaka tano na nane ni zetu za Kibantu, na vijineno vinavyoshikilia sentensi, si, ni, na, wa, hakuna hata kimoja kilichotoka Uarabuni. Wa wanayo, ila kwao ni "na". Kwa hiyo mwenye kutaka ubishi huo aje na sarufi, asije na kitabu, kalamu na meza, tena meza yenyewe ni ya Wareno.