Pumzi Iliyoniponza

Sisi watu wa Mombasa tuna kiburi cha pumzi. Mtu wa bara akifika Marikiti akiulizia kaa, kwanza twamtazama. Kaa gani, wa baharini au la moto? Wa baharini kwetu hutamkwa kwa pumzi, la moto halina, na asiyejua kutofautisha akirudi kwake na gunia la makaa, shauri yake. Nimewacheka watu wengi kwa jambo hili. Malipo yakanifuata hadi Kolkata, India.

Nilikuwa nasoma huko, na mwenzangu wa bwenini akanialika kwao Jumapili. Ulikuwa msimu wa mvua, wakati samaki aitwaye ilish anapopanda kutoka baharini kuingia mitoni kutaga, na jana yake East Bengal walikuwa wamewafunga Mohun Bagan. Hapo lazima nieleze. Hizo ni timu mbili za soka za Kolkata. Waliotoka mashariki, upande ambao leo ni Bangladesh, ni wa East Bengal. Wenyeji wa magharibi ni wa Mohun Bagan. Wa mashariki wakishinda hupikwa ilish, wa magharibi wakishinda hupikwa kamba. Ni kama Gor Mahia na Ingwe wa ligi yetu ya Kenya, ila ugomvi wao umeingia hadi sufuriani.

Nyumba ile ilikuwa na timu zote mbili. Bibi, wanayemwita Thakuma, alizaliwa Barisal, akahamishwa akiwa mtoto nchi ilipogawanywa mwaka 1947. Shamba lilibaki, nyumba ilibaki. Alichovuka nacho mpaka ni ulimi wake. Mumewe ni mtu wa Kolkata, Mohun Bagan wa damu, na kwao hutia sukari kidogo katika mapishi. Sukari hiyo imegombaniwa tangu harusi na bado hajapatikana mshindi.

Nilimkuta Thakuma amekaa chini jikoni, mguu umekanyaga ubao wa kifaa wanachokiita boti. Hii haielei. Ni kisu kilichosimama wima juu ya ubao: hukishiki, wampeleka samaki kwenye makali. Ukiiona kwa mbali utadhani ni mbuzi ya kukunia nazi iliyoota upanga. Haradali aliisaga juu ya jiwe. Blenda aliyonunuliwa na mjukuu iko kabatini na haitajwi. Mafuta ya haradali aliyapasha mpaka yakafuka moshi, nami nikaanza kulia kabla ya chakula kuiva. Ikaingia habasoda, pilipili za kijani, manjano, mabiringanya, kisha samaki. Ukatoka mchuzi mwepesi, wa rangi ya dhahabu, ambao kwa macho huwezi kuuogopa.

"Khao, baba, khao," Thakuma akaniambia. Maana yake, kula baba, kula. Hilo "baba" lilinigusa, maana mamangu naye huniita hivyo hivyo anaponisukumia sahani.

Mwenzangu akaninong'oneza: ilish ana miba, kula polepole, wacha vidole vitafute. Nikamwambia mimi nimelelewa kwa mwatiko, miba anieleze mtu mwingine.

Tonge la tatu, mwiba ukashika.

Ningeweza kuonyesha gilasi kwa kidole. Lakini nilikuwa nimejifunza neno lao la maji, jol, na nikaona hapa ndipo pa kuwaonyesha. Nikafungua kinywa, kikohozi kikanitangulia, na neno likatoka na pumzi yote ya kifuani. Uso wa Thakuma ukang'aa kama siku ya Idi. Akachukua upawa, akanimiminia mchuzi. Nikatikisa kichwa, nikasema tena kwa nguvu zaidi. Upawa wa pili. Kumbe jol ni maji, na jhol, yenye pumzi, ni mchuzi ule ule. Mzee akasema kwa upole kwamba huenda mgeni anataka maji. Lakini siku ile nani angemsikiliza mtu wa Mohun Bagan?

Macho yalipoanza kunitoka ndipo wakashtuka. Thakuma akanishika taya, akachungulia, akapiga ukelele: "Kata! Kata!"

Mama mwenye nyumba akauliza, "Kata?"

"Kata!" wakajibu wote.

Nami kichwani nilibaki na Kiswahili tu, vingine vyote vilikwisha kimbia. Boti ilikuwa pale mlangoni mwa jikoni, ingali na magamba. Thakuma akaelekea upande huo. Niliruka! Nilizunguka meza mara mbili, nimelikamata koo kwa mikono yote miwili, nikikoroma "Msikate! Msikate!", na wao kila wakisikia hivyo wanazidi kuitikia, "Kata, kata!" wakiona hatimaye mgeni ameelewa.

Bibi wa watu alikuwa anaendea sufuria ya wali. Kata kwao ni mwiba, uwe wa samaki au wa mti, kama kwetu. Ile "a" ya kwanza hutokea puani, lakini nani hushughulika na pua za watu shingo yake ikiwa hatarini?

Akafinyanga tonge la wali mkavu, kubwa kama limau, akanimezesha bila kutafuna. Ndiyo dawa ya nyanya yangu Mji wa Kale, tofauti yake nyanya huongeza kofi la mgongo. Tonge likashuka, mwiba ukaenda nalo.

Mzee akanitazama kwa huruma. "Mbona hukusema pani tu?"

Pani! Neno ambalo yeyote aliyelelewa na filamu za Kihindi analijua kabla ya kuanza shule.

Thakuma alikuwa na hukumu yake. Mtu anayeitisha mchuzi roho ikimtoka, huyo ni wa Barisal, popote alipozaliwa. Akanitilia kichwa cha samaki sahanini. Mzee alikifuata kwa macho, hakusema neno.

Niliporudi mara ya pili nilikuta nimewekewa gilasi na bakuli. "Jol," akagusa gilasi. "Jhol," akagusa bakuli. Nikarudia. Tena, akasema. Nikarudia mpaka wali ukapoa. Kwa kulipiza nikamfundisha kaa wetu wawili, wa baharini na wa moto. Akawatamka wote sawasawa, mara ya kwanza, kama aliyezaliwa nyuma ya Marikiti. Kisha akataka kujua huyo wa baharini kwetu hupikwaje, na kama twamtia sukari.