Hicho Mnachokula Wenyewe, Tuleteeni!

Jamani, mgahawa wetu huu wa Wabangladeshi hapa mashariki mwa London naupenda. Naupenda kweli. Lakini leo nimejaa, niacheni niteme.

Menyu ina kurasa kibao! Korma, madras, vindalu, jalfrezi, tikka masala. Ukionja, mchuzi ni uleule. Huku pilipili, kule krimu, basi: jina jipya, bei mpya. Mnatuona hatuna ulimi?

Sasa subiri usiku ukomae, wateja wapungue. Wahudumu wanajikusanya meza ya nyuma kula chakula chao. Harufu hiyo, weeee! Nyama ya ng'ombe na shatkora, ile ndimu kubwa chungu ya kwao Sylhet, huko Bangladesh. Samaki ilish. Viazi vilivyopondwa na mafuta ya haradali na pilipili. Na shutki, ndugu zangu. Shutki! Samaki wakavu! Mtu aliyelelewa na dagaa anyamaze vipi hapo?

Nami nimekodolea macho kuku wa rangi ya chungwa.

Ukiuliza, unapewa tabasamu: "Hicho hutakiweza, kaka. Kikali." Nani kakwambia? Mimi ninayetembea na pilipili mkobani? Najua, michuzi ile ilipunguzwa makali kwa ajili ya Waingereza. Sawa. Mimi nafananaje na Mwingereza?

Wenzangu mnaokula migahawa kama hii huko Brick Lane, Luton na Oldham, semeni ukweli: kuna aliyefanikiwa kukaribishwa meza ya nyuma? Alimwambia nini mhudumu? Na wali waliongeza?